Mayai viza: Kwa nini kiangulio hulaumiwa bure

MFUGAJI anaponunua kiangulio kwa mara ya kwanza, aghalabu hukijaza mayai siku iyo hiyo, kisha huanza kuhesabu siku 21. Siku hizo zinapotimia na nusu ya mayai kupatikana kuwa viza, lawama zote huelekezwa kwa mashine. Hata hivyo, mengi ya mayai hayo huwa yameharibika kabla ya kutiwa humo.

Yai la kuangua sharti litoke kwa kuku anayeishi na jogoo. Mayai ya trei yanayouzwa madukani kwa kawaida hutoka kwa kuku wafugwao bila jogoo, na hayawezi kuanguliwa hata yakikaa mwaka mzima. Jogoo mmoja huwatosha mitetea kumi hivi. Yenye nyufa, madogo mno na makubwa kupita kiasi ni ya jikoni. Machafu nayo hayaoshwi, maana maji huondoa utando unaozuia viini vya maradhi kupenya kwenye vitundu vya ganda. Mayai huhifadhiwa mahali penye ubaridi wa wastani, ncha nyembamba ikielekea chini, kwa muda usiozidi siku saba. Jokofu halifai kwa kazi hii.

Kiangulio chenye feni huhitaji joto la nyuzi 37.5 za Selsiasi. Kisicho na feni hukaribia nyuzi 39, kipimajoto kikiwa kimewekwa usawa wa sehemu ya juu ya mayai. Joto likizidi kwa nyuzi moja au mbili, madhara huwa mabaya kuliko likipungua kwa kiasi hicho. Unyevu huwa asilimia 50 hadi 55, kisha hupandishwa hadi 65 au 70 katika siku tatu za mwisho kwa kuongeza sahani za maji.

Uvivu wa kugeuza mayai huwaponza wengi. Yai lisipogeuzwa, kiinitete hugandamana na utando wa ndani na kufa. Asiye na mashine inayojigeuzia huweka alama ya penseli kila upande, akageuza mara tatu au tano kwa siku. Idadi hiyo isiyogawika kwa mbili huhakikisha kwamba upande ulioelekea juu usiku huu hautaelekea juu usiku ujao. Kugeuza hukoma siku ya 18.

Siku ya saba, gizani, mayai hupimwa kwa tochi. Lenye uhai huonyesha mishipa ya damu iliyotawanyika mfano wa miguu ya buibui. Jeupe halina mbegu. Lenye duara la damu limekufa, nalo huondolewa lisije likaoza na kupasukia mengine.

Kisha kuna suala la stima. Mnamo Agosti 25, 2023, umeme ulipotea karibu nchi nzima kwa saa nyingi. Katika hali kama hiyo kiangulio hakifunguliwi ovyo. Hufunikwa blanketi, matundu ya hewa yakiachwa wazi, hasa siku za mwisho ambapo vifaranga huhitaji hewa zaidi. Chupa za maji moto kando yake husaidia.

Wala hapana haja ya kumvuta kifaranga anayetoboa ganda. Akishatoka, anaweza kuachwa humo hadi akauke, kwani masalio ya kiini tumboni humlisha kwa siku nzima na zaidi.

Mwenye mayai machache hahitaji gharama hizi. Kuku wa kienyeji hufunika mayai 10 hadi 12 bila stima wala kipimajoto. Wafugaji werevu humwachia kila kuku anayetaka kuatamia yai moja au mawili ya kumshikilia kiotani. Watatu au wanne wanapokuwa tayari, hayo huondolewa na wote wakapewa mayai mapya jioni moja. Vifaranga huanguliwa pamoja, wakachanjwa pamoja dhidi ya maradhi ya Newcastle, na kuku wawili wakatosha kuwalea wote.