Motokaa ya Dizeli: Kwa Nini Iliaminiwa Huku na Kukataliwa Marekani

Somo la redio kwa watu wazima, lililopigwa chapa kwa ajili ya vikundi vya wasikilizaji, Sigino, Babati

Mwenye kalamu na aandike; asiye nayo na asikilize vizuri, maana mwishoni yako maswali.

Leo tutazungumza juu ya historia ya motokaa ya dizeli. Labda utauliza, "Mimi mkulima wa mahindi na mbaazi, historia ya gari yanihusu nini?" Yakuhusu sana. Huenda siku moja wewe na wenzako mkachanga fedha za mavuno ili mnunue gari la kubeba watu na mizigo. Dalali atawaambia, "Chukueni hili, ni dizeli, halifi." Je, asemayo ni kweli? Fedha za misimu mitatu zaweza kupotea kwa neno moja kama hilo. Basi yafaa tujue sifa hiyo ilipatikanaje, na kwa nini watu wa nchi tajiri walioipokea dizeli kwa furaha waliikataa baada ya miaka michache.

Kwanza tuutazame mtambo wenyewe. Injini ya petroli huwasha mafuta kwa cheche ya plagi. Injini ya dizeli haitumii cheche. Huvuta hewa peke yake na kuishindilia kwa nguvu nyingi, hata hewa ikawa moto sana. Kisha nozeli hunyunyiza mafuta, nayo huwaka yenyewe. Kama umewahi kujaza upepo katika gurudumu la baiskeli, umeona jinsi pampu inavyopata joto mkononi mwako. Jambo ni lile lile, ila katika injini nguvu ni kubwa zaidi.

Hapo twapata mambo matatu. La kwanza, injini ya dizeli hula mafuta machache kuliko ya petroli kwa safari ile ile. La pili, kwa sababu ya nguvu ya kushindilia, lazima iundwe kwa chuma imara, nayo huwa nzito na ya gharama. La tatu, pampu yake na matundu madogo ya nozeli hayavumilii maji wala uchafu. Yashikeni mambo hayo matatu, maana tutayakuta tena mbele.

Aliyebuni injini hiyo ni Rudolf Diesel, aliyezaliwa Paris mwaka 1858, wazazi wake Wajerumani. Injini yake ilifaulu katika majaribio huko Augsburg, Ujerumani, mwaka 1897. Yeye mwenyewe alipotea baharini mwaka 1913 akisafiri kwa meli kwenda Uingereza, asiione motokaa ya abiria yenye injini yake ikiuzwa. Miaka ile injini zilikuwa kubwa mno, za viwandani na melini. Mwaka 1930 Mmarekani Clessie Cummins alitia injini ya dizeli katika gari la Packard, akaliendesha kutoka jimbo la Indiana mpaka New York. Mafuta ya safari nzima yakamgharimu dola 1 na senti 38 tu. Mwaka 1936 Wajerumani wakaonyesha Mercedes-Benz 260 D, na madereva wa teksi wakalipenda, kwa kuwa mtu wa teksi huhesabu kila senti ya mafuta.

Sasa turudi kwetu. Watu wengi wa vijijini hawakuijua dizeli kwanza kwa motokaa. Waliijua kwa mashine ya kusaga. Injini za Lister kutoka Uingereza zilisikika mbali, na mama aliyejitwika mahindi alijua kwa mlio tu kama leo mashine inafanya kazi. Kisha yalikuja malori na matrekta. Basi hapa dizeli ilianza kujulikana kwa kazi, kabla haijajulikana kwa starehe.

Na kazi yenyewe ilikuwa ngumu. Babati ipo juu ya njia ambayo Waingereza waliiita Barabara Kuu ya Kaskazini, itokayo Mbeya kupitia Iringa, Dodoma na Kondoa, ikaenda Arusha mpaka Kenya. Wazee wanakumbuka vumbi la kiangazi na tope la masika katika njia hiyo. Lami ya kutoka Dodoma mpaka Babati, kilomita 251, ilizinduliwa mwaka 2018 tu. Katika barabara za namna ile gari lilipimwa kwa swali moja: litafika?

Land Rover, iliyoanza kuundwa mwaka 1948, ilipata injini ya dizeli mwaka 1957. Peugeot za Ufaransa nazo zilikuwa na aina za dizeli. Baadaye zikaja Land Cruiser kutoka Japani. Ile ambayo watu wetu huiita "mkonga", kwa sababu ya bomba lake la hewa lililoinuka juu, ilipata sifa katika kazi za hospitali, polisi na watalii. Injini yake moja maarufu, iliyoanza mwaka 1990, ni ya lita 4.2, yenye silinda sita, isiyo na mambo mengi ya kuharibika. Mafundi waliijua, na vipuri vilipatikana. Sifa hiyo hakuna aliyeitangaza kwa fedha. Watu waliiona kwa macho, gari likivuka mto na kurudi.

Sasa tuvuke bahari tuitazame Marekani. Mwaka 1973, na tena mwaka 1979, bei ya mafuta ilipanda duniani kote. Sisi hapa Tanzania tuliumia; magari binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili mchana. Wamarekani nao walipanga foleni ndefu kwenye vituo vya petroli, wakaanza kutafuta gari lisilokula sana. Volkswagen wakawapelekea gari dogo la dizeli. Kampuni kubwa ya General Motors nayo ikaleta Oldsmobile za dizeli kwa mwaka 1978. Kufika mwaka 1981, katika kila magari mapya 100 yaliyouzwa Marekani, kiasi cha 6 yalikuwa ya dizeli.

Lakini injini ile ya Oldsmobile ilitayarishwa kwa haraka. Waliimarisha chuma chake, ila boliti za kushika silinda hedi walizipanga kama zile za injini ya petroli. Nguvu ya kushindilia ikazivuta, zikakatika, na gasketi zikaungua. Tena hawakuweka chombo cha kutenga maji na mafuta, hali mafuta ya vituo vingi yalikuwa na maji. Mafundi wengi hawakufundishwa, wakatengeneza mtambo wasioujua. Unayakumbuka mambo yetu matatu? La pili na la tatu yalipuuzwa. Mwaka 1985 kampuni iliacha kuziuza. Wakati huo petroli ilikuwa imeshuka bei, na Mmarekani akabaki na picha moja kichwani: dizeli ni moshi, kelele na hasara. Zaidi ya hayo, kodi ya serikali kuu yao ni senti 24.4 kwa galoni ya dizeli, na senti 18.4 kwa petroli. Katika Ulaya, ambako nchi nyingi ziliipunguzia dizeli kodi, ilifika wakati zaidi ya nusu ya magari mapya yakawa ya dizeli.

Baadaye Volkswagen walijitahidi kulisafisha jina hilo Marekani, wakitangaza dizeli safi. Septemba 2015 ikajulikana kwamba walitia katika magari yao programu ya kudanganya vipimo: gari likipimwa lilitoa hewa safi, likiwa barabarani lilitoa sumu, nyingine hata mara 40 ya kiasi kilichoruhusiwa. Magari kiasi cha milioni 11 duniani yalikuwa na programu hiyo. Volkswagen wakaacha kuuza motokaa za dizeli Marekani. Kosa la kwanza lilikuwa la haraka, watu wangeweza kulisahau. La pili lilikuwa uongo.

Wasikilizaji, tusiwacheke. Sisi nasi tulikuwa na udanganyifu wetu. Neno "kuchakachua" lilienea nchini miaka ile wafanyabiashara walipochanganya mafuta ya taa na dizeli, kwa kuwa ya taa yalitozwa ushuru mdogo. Mafuta ya taa hayalainishi pampu ya dizeli, nayo ikasagika mapema. Mwaka 2010 EWURA ilianza kutia vinasaba katika mafuta ili wadanganyifu wajulikane, na mwaka 2011 Serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa. Faida ya kuchanganya ikapungua. Lakini mama aliyewasha kibatari, ambaye hakuchakachua hata tone, naye akalipa bei mpya.

Basi dalali akikuambia, "Dizeli halifi," mjibu kwamba gari lolote hufa likidhulumiwa. Uliza mtambo huo umeundwa kwa kazi gani. Uliza kama fundi wa hapa Babati anaujua na vipuri vyake vinapatikana. Mwaga maji katika chujio la mafuta kila mara, na nunua mafuta kwenye kituo unachokiamini. Kama safari zako ni fupi na mzigo ni mwepesi, petroli yaweza kukutosha. Tena usiliwashe gari karibu na mlango wa nyumba: mwaka 2012 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walitamka kwamba moshi wa dizeli huleta kansa.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi:

1. Taja mambo matatu yanayotofautisha injini ya dizeli na ya petroli. Ni yapi yaliyopuuzwa Marekani?
2. Kwa nini dizeli ilipata sifa njema katika barabara zetu?
3. Kupandisha ushuru wa mafuta ya taa kulimsaidia nani, na kulimwumiza nani?
4. Kikundi chenu kikitaka kununua gari, mtamwuliza muuzaji maswali gani kabla ya kutoa fedha?

Kwaherini, wasikilizaji. Jadilianeni vema.