Mguu wa Dada

Dada yangu alizaliwa na baka kubwa kwenye mguu wa kulia, kama mtu aliyemwagikiwa maji ya zambarau. Alipokua, mguu ule ukaupita mwenzake kwa unene na urefu, mishipa ikatuna. Majirani wakasema matende hayo. Shangazi yeye hakutafuta mbali: ni mama! Eti akiwa na mimba alimcheka kilema sokoni. Mama hakujibu.

Kumbe wakati huo ugonjwa ulishakuwa na historia ndefu. Mwaka 1900 huko Paris, Maurice Klippel na Paul Trénaunay waliandika juu ya mambo matatu yanayofuatana kwenye kiungo kimoja: baka, vena zilizotuna, na mfupa na nyama vinavyokua kupita kiasi. Basi, ukaitwa kwa majina yao.

Kisha akaja Frederick Parkes Weber wa London, mzee wa magonjwa adimu, mkusanyaji wa sarafu, ambaye mwaka 1910 alitoa hata kitabu juu ya kifo katika sanaa. (Daktari wa namna hiyo mimi nampenda.) Mwaka 1907 na 1918 aliandika juu ya viungo vinavyokua kupita kiasi. Madaktari wakayabandika majina yote matatu pamoja, kama abiria wa daladala moja. Kosa hilo si dogo. Katika ugonjwa unaoitwa leo kwa jina la Parkes Weber, damu ya ateri huingia vena moja kwa moja kwa kasi, na moyo unaweza kuelemewa.

Lakini chanzo je? Hapo palikuwa kimya zaidi ya miaka mia. Mwaka 2015 watafiti waliwakuta wagonjwa wengi wa Klippel na Trénaunay wana hitilafu katika jeni iitwayo PIK3CA. Hitilafu hiyo huanza katika seli moja, mimba ikishatungwa. Uzao wa seli hiyo huibeba, seli nyingine hazina habari. Ndiyo maana mguu mmoja tu. Hairithiwi kwa baba wala kwa mama.

Mwaka 2018, Paris tena, Guillaume Canaud na wenzake walitangaza matokeo ya wagonjwa 19 wenye hitilafu za jeni hiyo waliopewa alpelisibu, dawa iliyotokana na utafiti wa saratani. Marekani iliiruhusu mwaka 2022, kwa wenye hali mbaya.

Jioni moja nilimsomea mama yote haya, natafsiri huku nakwama. Aliacha kuchambua mchele.

“Seli moja?”

“Moja, mama.”

“Hata ningecheka soko zima?”

“Hata.”

Akanyamaza kidogo. “Haya, nenda kamsomee shangazi yako.”