Kioo cha Ile-Ife na Ushahidi wa Kemia

Kwa muda mrefu wataalamu wengi waliamini kwamba kioo kilichotumika Afrika kusini mwa Sahara katika zama za kale kilitoka ng'ambo, na kwamba kazi ya mafundi wa Kiafrika ilikuwa kuyeyusha upya vigae na shanga za wageni. Mjerumani Leo Frobenius, aliyechimba mwaka 1910 katika kisitu kitakatifu cha Olokun, mungu wa bahari na utajiri wa Wayoruba, mjini Ile-Ife nchini Nigeria, aliviona vyungu vilivyogandamana na kioo. Hata hivyo aliuhusisha ustaarabu wa mji huo na Atlantis, kisiwa cha visasili vya Wagiriki.

Jibu la swali la kioo hicho kilitengenezwa wapi lilikuwamo ndani ya kioo chenyewe. Kioo cha kale kilitengenezwa kwa mchanga uliochanganywa na kiyeyushi, yaani kitu kinachoufanya mchanga uyeyuke kwa joto dogo zaidi. Warumi walitumia magadi ya Misri, mafundi wa Kiislamu wakatumia majivu ya mimea ya nchi za chumvi, ilhali kioo kingi cha India kilikuwa na magadi pamoja na alumina nyingi, ambayo ni oksidi ya alumini iliyomo katika mchanga wa huko. Ili kuutambua mchanganyiko wa kila kioo, leo mwanga wa leza huchoma chembe ndogo ya ushanga isiyoonekana kwa macho, na mvuke wake hupitishwa katika mtambo unaozitenganisha elementi kwa uzito wa atomu zake, hata zile zilizomo kwa kiasi kidogo mno.

Vipimo vya kioo cha Ile-Ife vilionyesha chokaa na alumina, kila kimoja kikizidi asilimia 10, mchanganyiko usiojulikana kwingineko nje ya Afrika Magharibi. Kisha, kati ya 2010 na 2012, mwanaakiolojia Abidemi Babatunde Babalola alifukua katika kisitu hichohicho cha Olokun, kiitwacho Igbo Olokun, shanga zaidi ya 12,000, mabaki ya kioo na mamia ya vipande vya vyungu vya kuyeyushia. Na kwa kuwa taka za kiwandani kwa kawaida hazisafirishwi mbali, haikubaki shaka kwamba Wayoruba walitengeneza kioo chao wenyewe kati ya karne ya 11 na ya 15. Shanga za kioo cha aina hiyo zimepatikana hata Gao, nchini Mali, kwenye njia zilezile za misafara ya kuvuka Sahara zilizodhaniwa kuleta kioo kusini tu.