Saratani na Dawa Iliyofichika

Ndugu msomaji, nyumba nyingi za pwani zimetoa jeneza kwa sababu ya saratani. Jina hilo ni la Kiarabu, maana yake kaa, kwani waganga wa kale waliyafananisha maradhi haya na mnyama huyo ang'ang'aniaye.

Abul-Qasim az-Zahrawi, bingwa wa upasuaji wa Andalus aliyefariki yapata mwaka 1013, aliandika wazi kuwa saratani iliyokwisha kukomaa hakupata kuiponya, wala hakumwona aliyeiponya. Ile changa, alisema, ikatwe mapema.

Elimu haikusimama hapo. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa hospitali ya Mulago, Kampala, alieleza uvimbe wa taya uliokuwa ukiua watoto. Miaka michache baadaye baadhi yao wakapona kwa dawa. Ama saratani ya mlango wa kizazi iwauayo mama zetu, kirusi chake alikifunua Harald zur Hausen wa Ujerumani mwaka 1983. Chanjo ikapatikana mwaka 2006. Tanzania ikaanza kuwachanja wasichana nchi nzima mwaka 2018, na Kenya mwaka 2019.

Mtume (S.A.W.) ametufunza kuwa kila maradhi yameteremshiwa dawa yake. Wakati wa Zahrawi dawa ilikuwa bado kufunuliwa. Basi kumficha mgonjwa ndani mpaka uvimbe upasuke kusiitwe subira. Apelekwe mapema, kisha turidhike na kadari. Tuliowazika Mola awarehemu, na mabinti waliowaacha tuwapeleke wakachanjwe.

Wallahu aalam.