Shamba Lililokatwa Ncha

Marehemu baba alinunua shamba lenye hatua 90 upande wa barabara, hatua 50 upande wa mtoni, na hatua 70 kutoka barabarani hadi mtoni. Muuzaji alizidisha 90 kwa 70, akatangaza ekari moja na robo na ushee, na baba akalipa. Mimi nilikuwa darasa la sita. Kwetu ekari ni hatua 70 kwa 70, nami nilipolichora shamba lile daftarini nikaona ni trapeza: 90 na 50 ni 140, nusu yake 70, mara 70. Ekari moja kamili! Baba alikuwa amelipia ardhi isiyokuwepo.

Hesabu hazikumwingia, nikachukua mkasi. Nilikata ile pembe iliyochomoza upande wa barabara, nikaipindua, nikaibandika palipopungua upande wa mtoni. Ukapatikana mraba. Baba aliishika ile karatasi kwa muda mrefu bila kusema neno.

Baadaye nilifundisha hisabati hadi nilipostaafu, na kila mwaka nilipofika kwenye trapeza nilitamani kujua ni nani aliyetutangulia. Kati ya ninaowajua, wa kwanza ni Ahmes, karani wa Misri. Mnamo 1550 K.K. alinakili gombo la mafunjo, akaeleza kwamba analitoa katika maandishi ya kale zaidi, ya enzi za Farao Amenemhat wa Tatu. Mskoti Alexander Henry Rhind alilinunua Luxor mwaka 1858, na leo limehifadhiwa British Museum, London.

Swali lake la 52 linahusu shamba la pembetatu lililokatwa ncha. Kitako chake ni 6, palipokatwa ni 4, ubavu ni 20, vyote kwa kipimo cha khet, yaani kamba ya dhiraa 100, kama mita 52 hivi. Ahmes anajumlisha 6 na 4, anachukua nusu ya 10, kisha anazidisha 5 kwa 20. Jibu ni 100, karibu hekta 27. Kinachonigusa ni sababu anayoitoa ya kuchukua nusu: ili kupata mstatili wake. Ni kazi ile ile ya mkasi wangu.

Wataalamu wanabishana kama ule ubavu wa 20 ni kimo au ni upande ulioinama. Mimi nimeipiga hesabu: pande mbili zikiwa zimeinama sawasawa, kimo kinakuwa 19.97, na eneo linapungua kwa chini ya sehemu 2 katika 1,000. Kwa mtu aliyepima kwa kamba, hilo si kosa la kumlaumu. Kamba zenyewe bado tunaziona: katika kaburi la Menna, afisa wa Misri ya kale, huko huko Luxor, wamechorwa watu wakinyoosha kamba yenye mafundo kandokando ya nafaka iliyosimama shambani. Kodi ilifuata mavuno, na mavuno yalifuata ukubwa wa shamba.

Wachina nao, katika kitabu chao cha Sura Tisa, waliliita shamba la umbo hili kwa jina la ungo wao wa kupepetea, ambao ni mpana mdomoni na mwembamba nyuma.

Lakini Babeli ndiko trapeza ilikotoka shambani. Mwaka 2016 mwanahistoria wa sayansi Mathieu Ossendrijver alionyesha kwamba vibao vya udongo vya kati ya 350 na 50 K.K. vinaifuatilia sayari ya Mshtarii kwa kanuni hii. Siku ya kwanza inasogea dakika 12 za nyuzi, na baada ya siku 60 mwendo umepungua hadi dakika 9 na nusu kwa siku. Pande mbili za trapeza ni mwendo, na kimo chake ni siku. Jumlisha, chukua nusu, zidisha kwa 60: sayari imesogea nyuzi 10 na dakika 45, na karani wa Babeli ameipima njia yake angani kama baba alivyostahili kupimiwa shamba lake.