Grafu ya mstari: jinsi ya kuichora na kuisoma bila kudanganyika

Grafu ya mstari huonyesha jinsi kitu kinavyobadilika kadiri muda unavyopita: bei ya sukari, kina cha maji ziwani, idadi ya watu. Muda huwekwa kwenye mhimili mlalo, kutoka kushoto kwenda kulia, na kiasi kwenye mhimili wima. Kila kipimo hutiwa nukta, kisha nukta huunganishwa. Mskoti William Playfair alitumia michoro ya aina hii katika kitabu chake kilichochapishwa London mwaka 1786, akieleza biashara ya Uingereza na nchi nyingine.

Tuchukue sensa za Tanzania. Mwaka 1967 walihesabiwa watu milioni 12.3, 1978 milioni 17.5, 1988 milioni 23.1, 2002 milioni 34.4, 2012 milioni 44.9, na 2022 milioni 61.7. Ni nukta sita tu, lakini zina mtego.

Ukizipanga kwa nafasi sawa, mstari utapanda sana kati ya 1988 na 2002, kisha mwinuko utapungua kidogo hadi 2012. Anayeutazama atasema kasi ya ongezeko ilishuka. Sivyo. Sensa ya 2002 ilifanyika miaka 14 baada ya ile ya 1988, si 10. Katika miaka hiyo 14 watu waliongezeka milioni 11.3, yaani kama laki nane kwa mwaka. Katika miaka 10 iliyofuata waliongezeka zaidi ya milioni moja kila mwaka. Nafasi kati ya nukta ikilingana na miaka yenyewe, mstari unaonyesha hivyo hivyo. Anayepanga idadi ya madarasa kwa kutazama mchoro ule wa kwanza atajenga machache kuliko yanayohitajika.

Mhimili wima nao una ujanja wake. Ukianzia milioni 40 badala ya sifuri, nukta ya 2022 itakuwa juu zaidi ya mara nne ya nukta ya 2012, ilhali watu waliongezeka kwa asilimia 37 hivi. Si lazima kuanzia sifuri kila mara. Chati ya homa ya mgonjwa ikianzia sifuri haitamsaidia daktari. Ila soma namba za pembeni kwanza, ndipo uutazame mstari.

Jambo linalosahaulika zaidi ni kuweka kikubwa na kidogo pamoja. Zanzibar ilikuwa na watu milioni 1.3 mwaka 2012 na karibu milioni 1.9 mwaka 2022. Ukiichora pamoja na Tanzania Bara, mstari wake utalala chini kama uliosimama, ingawa uliongezeka kwa asilimia 45, kasi kubwa kuliko ya Bara. Ipe Zanzibar grafu yake, au chora asilimia.

Mikoa usiiunganishe kwa mstari. Kati ya Dar es Salaam na Mwanza hakuna muda unaopita. Hapo tumia pau.

Mwisho, nukta zenyewe zionekane, usiache mstari mtupu. Sensa ya 2022 ilihesabu waliolala nchini usiku wa kuamkia Agosti 23. Mwaka 1995 hakukuwa na sensa, na sehemu ya mstari inayopita hapo ni makisio ya mchoraji.