Kudhibiti, Kutenga na Kusimamia: Historia ya Kitenzi Kimoja katika Bonde la Kilombero



Sisi wanaisimu tumezoea kufuatilia safari za maneno kutoka kamusi moja hadi nyingine. Katika mhadhara huu ninakusudia kufuatilia neno lililosafiri kutoka kitabu cha sheria hadi mashamba ya mpunga. Neno lenyewe ni kitenzi cha Kiingereza "control", na mashamba hayo yamo katika Bonde la Kilombero, ambalo mji wake mkuu ni Ifakara.

Tuanze na asili. Kitenzi hiki kiliingia katika Kiingereza kutoka Kifaransa cha kale, na chimbuko lake ni Kilatini cha zama za kati, kwa maana ya "orodha ya pili". Karani mmoja aliandika hesabu zake, na mwingine akaweka nakala ya kuzilinganishia. Kwa hiyo, kazi iliyotajwa na kitenzi hiki hapo mwanzo ilikuwa kumhakiki mwenye dhamana. Baadaye maana ilipanuka, kikawa kitenzi cha kuwa na amri juu ya watu na vitu. Kiswahili hutumia "dhibiti" kwa maana zote mbili, kitenzi chenye asili ya Kiarabu kinachobeba dhana ya kushika barabara. Ile maana ya kwanza ingali hai katika cheo cha Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Iliyofika Kilombero ni maana ya pili.

Mwaka 1951 serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilitunga sheria ya kuhifadhi wanyamapori, nayo ikaweka aina ya eneo lililoitwa "Game Controlled Area". Mwaka 1952 sehemu kubwa ya bonde ikatangazwa kuwa eneo la namna hiyo. Bonde halikuwa tupu. Wandamba, Wambunga, Wapogoro na Wabena waliishi humo, wakivua samaki na kulima mpunga kwa kufuata mafuriko ya mto. Sheria haikuwaondoa, kwa sababu kilichodhibitiwa ni uwindaji. Mtu alihitaji kibali ili awinde nyati au sheshe. Hakuhitaji kibali ili alime. Sheria ya mwaka 1974 iliendeleza utaratibu huo.

Katika Kiswahili cha serikali, eneo la aina hii liliitwa "Pori Tengefu". Hapa pana jambo la kisarufi linalostahili kuangaliwa. Neno "controlled" ni umbo la kutendwa: mtenda hatajwi, lakini nafasi yake imebaki, na msomaji anaweza kuuliza, "Limedhibitiwa na nani?" Kivumishi chetu chenye kiambishi "-fu" au "-vu", kama vile "tulivu" au "kamilifu", hutaja hali ya kitu chenyewe. Pori tengefu ni tengefu kama mtu mtulivu alivyo mtulivu. Hakuna anayeulizwa nani kamtuliza. Aidha, neno hilo linamkumbusha msikilizaji "kutenga", ilhali sheria ya awali haikuwatenga watu na ardhi. Kwa maneno mengine, tafsiri ilitangulia mbele ya sheria.

Sheria ikaja kuifikia tafsiri. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 ilipiga marufuku kulima na kuchunga mifugo ndani ya mapori tengefu bila idhini. Jina la eneo halikubadilika hata herufi moja, bali kilichobadilika ni yambwa ya kitenzi: badala ya mwindaji, sasa alidhibitiwa mkulima na mfugaji. Mwishoni mwa mwaka 2012 iliendeshwa operesheni ya kuondoa mifugo bondeni, na wafugaji wengi wakalazimika kuhama.

Hata hivyo, sheria hiyohiyo ilimwagiza Waziri kuhakikisha kuwa ardhi ya kijiji haiingizwi katika mapori tengefu. Nayo Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 ilikwisha kuikabidhi halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi, kama mdhamini kwa niaba ya wanakijiji. Kitenzi "simamia" ni "simama" pamoja na kauli ya kutendea. Mtu anaweza kusimama juu ya wenzake kama mnyapara, au kusimama kwa ajili yao kama msimamizi wa mirathi. Sheria ya vijiji ilikusudia maana hii ya pili. Kwa hiyo, palipokosekana mpaka unaokubalika, kipande kimoja cha ardhi kilibeba vitenzi viwili: kijiji kilisimamia, serikali ilidhibiti.

Mwaka 2023 eneo hilo lilipandishwa hadhi kuwa Pori la Akiba. Wahenga walisema akiba haiozi, na mto unaolisha Rufiji, pamoja na sheshe ambao ni wachache duniani, wanastahili kuwekewa akiba. Sipingi uhifadhi. Lakini katika matumizi ya kila siku, akiba huwa na mwenyewe, na kwa kawaida mwenyewe ndiye aliyejinyima. Aliyejinyima Kilombero anajulikana. Ni haki yake kutajwa anapoulizwa mwenye akiba.

Nihitimishe kwa kurejea orodha ya pili. Iwapo tumelipokea neno la wenyewe, na tulipokee pamoja na asili yake. Ramani za mipaka, vibali na maamuzi viandikwe kwa Kiswahili kinachomtaja mtenda, na nakala iwekwe katika ofisi ya kila kijiji kinachohusika, ili wanakijiji wailinganishe na ile iliyoko wizarani. Hapo anayedhibiti atakuwa naye amedhibitiwa, kama kitenzi chenyewe kilivyotaka tangu mwanzo.